Pete ya Atomu Nne

Ndugu yangu mdogo alianza kudungwa penisilini akiwa darasa la sita. Magoti yalivimba, homa ikapanda, na sisi nyumbani tukasema ah, ni baridi yabisi tu, tukamkanda kwa maji moto. Kumbe ilikuwa homa ya rumatiki, na ilikuwa imeshagusa vali ya moyo. Tangu hapo ni sindano kila baada ya wiki nne. Anachechemea siku mbili, halafu anarudi kazini.

Mimi ni mwalimu wa Historia. Kemia niliiacha Kidato cha Nne bila majuto. Lakini juzi mwenzangu wa kemia alinionyesha Mercury, programu ya kituo cha data za fuwele kule Cambridge, kile ambacho Olga Kennard alikianzisha mwaka 1965. Unafungua faili, molekuli inajitokeza kwenye skrini, unaizungusha utakavyo. Nikamwomba anionyeshe penisilini. Akabofya atomu nne, kaboni tatu na nitrojeni moja, akazipaka rangi nyekundu. Zilizobaki akaziacha kama vijiti vya kijivu.

"Hiyo pete ndiyo dawa yenyewe," akasema. Haikufika hata dakika moja.

Basi nikaenda kuitafuta historia ya hiyo dakika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia penisilini ilikuwa inaokoa askari huku walioitengeneza wakibishana imeumbwaje. Huko Oxford, Robert Robinson, mkubwa wa kemia, alishikilia kwamba ina pete mbili za atomu tano tano, zilizotengana. Edward Abraham na Ernst Chain wakasema hapana: kuna pete ya atomu nne, imeshikana na ya atomu tano. Wengi walitikisa vichwa. Pembe za kaboni za kawaida hukaribia digrii 109, na pete ya nne huzibana hadi karibu 90. Kitu kilichobanwa hivyo kitadumu vipi?

Aliyeamua kesi ni Dorothy Hodgkin, mzaliwa wa Cairo, akiwa na Barbara Low na wenzao wengine. Walipitisha eksirei ndani ya fuwele, wakapima madoa kwenye filamu, wakapiga hesabu mpaka wakapata ramani za mistari kama zile za milima tunazofundisha kwenye Jiografia. Walizichora kwenye vipande vya plastiki angavu, wakavipanga kimoja juu ya kingine. Palipokuwa na kilele, hapo pana atomu. Kufikia 1945 pete ya nne ilikuwa wazi. Robinson alikuwa amekosea.

Na kule kubanwa ndiko kunakofanya kazi. Pete hufunguka kirahisi, ikajishikiza kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake. Ukuta usipojengwa, bakteria hupasuka.

Kuna jambo nililirudia mara mbili kusoma. Dorothy aliifanya kazi hii yote akiwa na baridi yabisi, ile hasa ya viungo, iliyoanza kumpinda vidole tangu miaka yake ya ishirini na kitu. Si ugonjwa wa ndugu yangu, ila kwetu jina ni lile lile. Tena Tuzo ya Nobel ilimkuta Ghana, mwaka 1964, ambako mumewe Thomas aliongoza Taasisi ya Taaluma za Afrika. Jina la huyo Thomas nalijua tangu chuo kikuu, kwa vitabu vyake vya historia yetu. La mkewe sikuwahi kulisikia darasani.

Jumapili nilimwonyesha ndugu yangu picha kwenye simu, pete nyekundu katikati ya kijivu. Akaiangalia kwa muda.

"Kwa hivyo hako kadude ndiko huniuma vile?"

Nikamwambia hapana, kinachouma ni ile dawa kuwa nzito na nyingi ndani ya msuli. Akacheka, akaniomba nimtumie picha. Sindano yake ni Alhamisi.