Bia ya kahawa

Fedha ya kahawa ya kazini haina jina moja. Hapa Tabora siku hizi watu wa kazi mbalimbali hupanga chumba kimoja wakakitumia pamoja: fundi simu, fundi cherehani, mpiga chapa, kijana wa kompyuta anayetengenezea maduka programu za hesabu. Kodi wanagawana, nayo inaitwa kodi. Umeme wanagawana, nao unaitwa luku. Ikija kahawa, kila mtu anaitaja kivyake. Huyu anasema mchango, yule posho, mwingine chai ilhali chumbani hakuna hata jani moja la chai. Nami nimeamini kwamba kahawa ya vyumba hivi hukatika kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu majina hayo yanatuvuta pande zisizofaa.

Posho ni neno lililoipita njia ya misafara kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikakata Ugogo, ikapumzika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilikwenda kwa posho: kibaba cha nafaka kwa pagazi mmoja kwa siku, au nguo na ushanga akajinunulie mwenyewe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa hapa hapa, na posho yao ilitoka kwa mwenye mali kumwendea mbeba mzigo. Mkondo huo haujabadilika. Posho ya kikao na posho ya safari bado hushuka kutoka juu, na anayeitarajia hana la kufanya ila kungoja. Katika chumba cha kupanga pamoja hakuna mwenye msafara, kwa hiyo wanaosema posho ya kahawa wanamngoja mtu ambaye hayupo.

Chai nayo imechoka. Njia hii ilikuwa na hongo, ushuru wa nguo na shanga waliolipwa watawala wa nchi ili msafara upite. Leo hongo ni rushwa, na chai ikaifuata huko huko. Kahawa haijachafuliwa bado, nami ningependa ibaki ilivyo.

Mchango ni neno jema, lakini lina siku yake. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, kuna kamati na daftari la ahadi, kisha shughuli inapita na watu wanapumua. Kahawa haina kilele cha namna hiyo. Inanywewa leo, kesho inatakiwa tena, na aliyekwisha kuchanga anajiona amemaliza wajibu wake.

Neno lililobaki ni bia. Najua msomaji ameona chupa yenye povu. Lakini kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inayo bia nyingine: ushirika wa gharama, watu kutoa kila mmoja sehemu yake ili wale pamoja. Hiyo ndiyo kula bia. Kwenye bia hakuna mtoaji na mpokeaji, wote ni wabia. Neno lenyewe halikufa, lilipanda cheo likaingia serikalini. Tangu 2010 tuna Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, inayozungumzia barabara na bandari, na wanaoitaja hawakumbuki kwamba neno hilo liliwahi kuwa la chakula. Naona uchungu neno lililotufaa kwa sufuria moja libaki kwenye mikataba tu, eti kwa sababu kiwanda cha pombe kimemchukua pacha wake. Ukisema bia ya kahawa, hakuna atakayedhani umechanganya vinywaji. Neno la pili linalinda la kwanza.

Kuhusu bei, Kiswahili kinatupa rahisi na nafuu, na watu huyatumia kama ndugu. Mimi nayatenganisha. Rahisi ni kile kisichokusumbua mfukoni wala mikononi. Nafuu ni neno la mgonjwa pia: amepata nafuu, yaani amefaidika, ameondokewa na uzito. Kahawa iliyosagwa zamani, iliyokaa rafuni hadi harufu ikatoka, inaweza kuwa rahisi. Nafuu hainayo.

Ughali wa kahawa hapa si habari mpya. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Burton aliandika baadaye kwamba Karagwe kibaba cha buni kilipatikana kwa kete moja ya ushanga, lakini buni hizo zilipoletwa na misafara hadi Kazeh, bei ilipaa. Wenyeji wa Karagwe hawakuzipika kinywaji. Walizichemsha zikiwa changa, wakazitafuna, na mgeni akapewa chache kwa heshima. Wahaya huiita kahawa mwani, neno ambalo Mzanzibari akilisikia atatazama baharini.

Buni lenyewe ni neno la kuchezewa kwa furaha. Mti wa kahawa ni mbuni. Ndege yule mkubwa asiyeruka ni mbuni. Anayesanifu mavazi ni mbuni wa mitindo. Dar es Salaam, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuna nafasi ya kazi ya pamoja ya vijana wavumbuzi iliyoanza mwaka 2011, na jina lake ni Buni. Walioipa jina hilo walimaanisha kubuni. Mpenda kahawa anasoma kibao hicho na kufikiri kwamba walipata maneno mawili kwa bei ya moja.

Mbuni ulio karibu na njia yetu leo uko upande wa Ujiji. Vilima vya Kalinzi, mkoani Kigoma, hutoa arabika nzuri sana, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 bado inaunganisha miji hii miwili. Wabia wanunue buni mbichi. Zikikaa pakavu zinavumilia miezi, ilhali kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu upesi. Kilo moja ya buni mbichi ikikaangwa hubaki gramu 800 na kitu. Kwa gramu 60 katika lita ya maji, hiyo ni lita kama 14, na kwa vikombe vidogo vya kijiweni, vya mililita 70 hivi, ni vikombe karibu 200. Hesabu hiyo wabia waifanye kwa bei ya siku yao, waweke na mkaa, ndipo wajue sehemu ya kila mmoja. Tangawizi ni juu ya anayeitaka. Asali ya miombo ya Tabora nimeijaribu ndani ya kahawa chungu na naitetea mbele ya yeyote.

Wakaange kidogo kidogo, cha wiki moja tu, watwange kwenye kinu, wachemshe nje kwenye dele au sufuria, kisha wamimine kwenye chupa ya chai. Hata chombo hicho, hebu ona, chai imekichukua. Kupika kuwe kwa zamu. Fedha ziingie kwenye kibubu siku ile ile inayolipwa kodi, kabla ya mtu kunywa. Na juu ya kibubu iandikwe bia, kwa herufi kubwa, ili anayeingia chumbani kwa mara ya kwanza aulize maana yake na aambiwe sehemu yake ni kiasi gani.