Kisima cha Budha'a na Maji ya Mto Enyau



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wa fiqhi huanza na mlango wa maji, na kanuni yake wanaijua: maji mengi hayanajisiki mpaka najisi iyabadilishe rangi, ladha au harufu. Wengi hapa Arua na Koboko wameichukua kanuni hiyo wakaipeleka mpaka jikoni. Maji yakitoka meupe bila harufu, basi ni salama kunywa. Hapo wanaitwika kanuni mzigo usio wake, kwani inahusu twahara, si sumu.

Asili ya mas-ala haya ni kisima cha Budha'a, Madina. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama inafaa kutawadha kwa maji yake, na hali kilikuwa kikitupwa uchafu, akajibu kuwa maji ni twahara. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Imamu Abu Daud (aliyefariki mwaka 275 Hijria, yaani 889) alikwenda kukiona kwa macho yake. Alitandaza shuka yake juu ya kisima kisha akaipima: upana dhiraa sita. Akamuuliza aliyemfungulia bustani: je, kisima kimebadilika na kilivyokuwa zamani? Akaambiwa hapana. Akaeleza pia kwamba aliyaona maji yake yamegeuka rangi. Kwa hiyo alipima, na akauliza historia ya mahali. Hilo la pili ndilo tunalolisahau.

Sisi nasi tuna historia ya kuuliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilimwaga DDT ndani ya mto Nile pale Jinja, ili kuua inzi weusi wanaoeneza usubi, ule ugonjwa wa upofu. Kazi hiyo ilifaulu, tusiwe watu wa kukana kheri. Lakini mto huo ndio unaoshuka mpaka Pakwach na Rhino Camp. Mwaka 2008 DDT ilipulizwa majumbani kule Apac na Oyam dhidi ya malaria, mpaka mahakama ikasimamisha. Huku kwetu tumbaku na pamba zimelimwa kwa miongo mingi, na mazao hayo hayaendi bila dawa za wadudu. Uganda ilijiunga mwaka 2004 na Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali zisizooza upesi, DDT ikiwamo.

Arua hunywa maji ya mto Enyau, yakisafishwa na Shirika la Taifa la Maji (NWSC) lililoundwa mwaka 1972. Huko Koboko familia nyingi hutegemea visima vya pampu. Vipimo vya kila siku vya maji ya mji ni klorini, utope na vijidudu vya kinyesi, navyo ni vya lazima, maana kipindupindu huua kwa siku chache. Ila havioni DDT. Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita: ni kama gramu 1 ndani ya maboza 100 ya lita 10,000 kila moja. Ulimi gani utaonja hicho? Wala kuchemsha si dawa yake, moto huua vijidudu tu.

Kipimo chake kinataka chupa ya kioo cheusi iliyosafishwa, maji yawekwe kwenye baridi, yafike maabara kabla ya siku saba. Kutoka Arua hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 450. Zaidi ya hayo, DDT haipendi maji, hung'ang'ania tope na mafuta. Anayechota maji maangavu wakati wa kiangazi anaweza kupata jibu zuri, na sumu imelala chini kwenye tope au katika mafuta ya samaki. Kemikali za PFAS, ambazo watafiti walizikuta Nakivubo, Kampala, na kuchapisha mwaka 2018, zina kipimo kingine na hata chupa nyingine.

Maabara hutafuta kile ilichoagizwa kutafuta. Kwa hiyo ripoti ya maji ikisomwa mtaani kwenu na mkaambiwa "maji ni safi", ulizeni kwa adabu: yamepimwa nini, yamechotwa mwezi gani, na huko juu ya mto kulipulizwa nini? Wazee waliolima tumbaku bado wapo, na majina ya dawa zile wanayakumbuka. Vijana wa madrasa wanaweza kuwaendea na daftari.

Wallahu a'alam.