Akiba Haiozi

Katika stoo ya nyumba yangu hapa Njombe, nyuma ya magunia ya viazi na jembe la kukokotwa na ng'ombe, lipo sanduku la bati la rangi ya kijani, la aina ile tuliyokuwa tukienda nayo shule za bweni zamani. Hadi Desemba iliyopita ndani yake mlikuwa na maboksi 27 ya modeli za plastiki: ndege, meli, magari na magarimoshi, yote yakiwa katika vipande vilivyoshikana kwenye vijiti vyake kama matunda kwenye tawi. Nilikuwa nimepewa maboksi 31 katika muda wa miaka 20, nami katika miaka hiyo niliunda 4 tu. Kwa mwendo huo, ili kuyamaliza yaliyobaki ningehitaji miaka mingine 135. Umri wangu sasa ni miaka 76. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano angeiona haitoki.

Msomaji ataniuliza, mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu ana nini na vitu vya kuchezea vya Wazungu? Jibu lake ni fupi. Nilipokuwa mkufunzi kijana, nilifundisha pamoja na Mwingereza mmoja, mwalimu wa Fizikia. Aliondoka mwaka 1977, na tangu mwaka uliofuata hadi 1997 hakukosa kuniletea kifurushi, mara boksi moja, mara mawili. Alijua kwamba tulihitaji zana za kufundishia, na kwamba chuoni tulikuwa na chaki, ubao na midomo yetu. Yeye mwenyewe, aliniandikia siku moja, alikuwa na maboksi zaidi ya 300 kwenye dari la nyumba yake, na alikuwa bado ananunua.

Barua ile ilinishangaza. Mtu anunue kitu cha kuunda, asikiunde, kisha anunue kingine? Nikaanza kuulizia na kusoma habari za maboksi hayo, na historia yake nikaiona ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria. Kwanza ilitengeneza vitu vya mpira vya kujazwa hewa, baadaye ikatengeneza vitana vya plastiki. Mwaka 1949 iliombwa kutengeneza modeli ndogo ya trekta la Ferguson, ili wauzaji wa trekta wawaonyeshe wateja. Kuiunganisha kiwandani kuligharimu kazi nyingi, hivyo ikaamuliwa iuzwe katika vipande, mnunuzi ajiungie mwenyewe. Mwaka 1952 ikafuata meli ya Golden Hind, iliyouzwa katika mfuko wa plastiki kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi 2 za Kiingereza za wakati ule. Mtoto aliweza kuinunua kwa fedha zake za mfukoni siku ya Jumamosi na kuimaliza kabla ya kulala.

Huko Japani habari ilianzia kwenye mbao, jambo ambalo mtu wa Njombe atalielewa vizuri. Yoshio Tamiya alifungua kiwanda cha kupasua mbao katika mji wa Shizuoka mwaka 1946. Mwaka 1951 moto uliteketeza akiba yake ya mbao, na baada ya hasara hiyo akageukia modeli za mbao. Mwaka 1960 kampuni yake ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari iitwayo Yamato. Leo jina la Tamiya linajulikana na wapenzi wa modeli dunia nzima.

Watoto wale wa Jumamosi walikua, wakapata mishahara, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtoto ana muda mwingi na fedha kidogo, kwa hiyo hununua moja, akaliunda. Mtu mzima hupata fedha na kupoteza muda. Tena kazi ya viwanda hivi ina tabia yake. Kila modeli hutoka katika kalibu ya chuma ambayo gharama yake ni kubwa. Kiwanda hupiga maelfu kadhaa, kisha huweka kalibu kando na kupiga nyingine, na ile ya kwanza inaweza isirudi madukani kwa miaka mingi. Mnunuzi akishalijua hilo, huogopa. Hununua leo kwa kuwa kesho halitakuwepo, hata kama hana nafasi ya kuliunda. Ndivyo boksi la pili linavyokaa juu ya la kwanza, na la mia juu ya la tisini na tisa.

Tusiwacheke watu hawa. Sisi Watanzania wa umri wangu tunaijua hofu hiyo vizuri sana. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika. Ukisikia sabuni imefika dukani, ulipanga foleni kwanza, ndipo ukauliza kama unayo nyumbani. Uliponunua, hukununua kwa mahitaji ya wiki hii, ulinunua kwa hofu ya mwezi ujao. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, wako watu waliotupa vitu vyao mitoni na vichakani usiku, wengine vitu ambavyo hawakupata kuvitumia hata siku moja. Tangu mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa na maduka yakajaa tena, lakini hofu ile haikutoka moyoni upesi. Mpaka leo mke wangu huweka miche ya sabuni kabatini kana kwamba foleni itarudi Jumatatu.

Kisha yapo matofali. Msomaji akishuka Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya, aelekee huku kwetu huku akitazama dirishani. Ataona malundo ya matofali ya kuchoma viwanjani, mengine yameota nyasi na hata miti midogo juu yake. Mwenyewe alifyatua au alinunua, akachoma tanuru, akapanga vizuri, akasema nitajenga. Alifanya hivyo kwa akili timamu. Miaka ile shilingi ilikuwa ikipungua thamani kila mwaka, na mkopo wa kujenga nyumba ulikuwa jambo la kusikia. Fedha iliyowekwa ndani ya godoro iliisha yenyewe, lakini fedha iliyogeuzwa kuwa tofali ilibaki tofali. Wahenga walisema akiba haiozi, nao wajenzi wetu waliwaamini.

Mimi pia niliamini. Nina kiwanja Makambako, na lundo langu la matofali 6,000 nililichoma mwaka 1991. Matofali yaliyokuwa katikati ya tanuru yameiva, na bado ni mazima mpaka leo. Yale ya pembeni, ambayo moto haukuyafikia vizuri, mvua imeyarudisha kuwa udongo. Nikiyatazama huona kwamba methali ile ni kweli kwa nusu. Akiba iliyoiva haiozi haraka. Kinachokwisha ni siku za mwenye akiba.

Jambo hilo sikujifunza kwenye matofali. Nilijifunza kwa mwanangu.

Kati ya maboksi yaliyokuja lilikuwamo moja la garimoshi la mvuke liitwalo Evening Star. Garimoshi lenyewe la kweli lilijengwa Swindon mwaka 1960, nalo lilikuwa la mwisho la mvuke kujengwa na shirika la reli la Uingereza. Modeli yake ina kipimo cha 1 kwa 76. Nililitumia boksi hilo kufundishia skeli bila hata kulifungua. Niliwaambia wanachuo: reli yetu ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukamilika 1975, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tukiijenga kwa kipimo hiki itakuwa na urefu gani? Gawanya kwa 76, utapata kilomita 24 na nusu. Maana yake reli yote, pamoja na mahandaki na madaraja ya kule kati ya Mlimba na Makambako ambako kazi ilikuwa ngumu kuliko kwingine kote, ingeanzia stesheni ya Makambako na kuishia njiani, kabla haijafika hata nusu ya safari ya kuja Njombe. Na abiria wake wangekuwa na kimo cha chini ya sentimita 2 na nusu. Wanachuo walicheka, na somo liliwakaa.

Mwaka 1987 mwanangu wa pili alikuwa na miaka 9. Alikuwa hodari wa magari ya waya, kama watoto wote wa enzi ile. Mtoto akiokota waya asubuhi, jioni gari linatembea, na magurudumu yake ni ya kandambili iliyochakaa. Sikuwahi kuona mtoto aliyeweka akiba ya waya. Basi siku moja alilikuta sanduku wazi, akaona picha ya garimoshi. Akaniambia, "Baba, hili tuliunde." Nikamwambia, "Subiri mwanangu. Hili ni la thamani, gundi ni moja tu, na wewe utaliharibu. Nikipata nafasi tutaliunda pamoja." Akasubiri. Likizo iliyofuata akauliza tena, nikamjibu vilevile, maana nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mara ya tatu hakuuliza. Nilifurahi, nikadhani amekuwa mtu mzima.

Mwaka 1998 nilipata barua kutoka kwa mjane wa rafiki yangu Mwingereza. Mumewe amefariki, na maboksi yale ya darini, karibu yote yakiwa hayajafunguliwa, ameyachukua mfanyabiashara mmoja kwa bei ya jumla, kama mtu auzavyo magunia matupu. Mama yule hakulalamika. Aliandika tu kwamba mumewe alipenda sana kusoma karatasi za maelekezo jioni, na kwamba kwake kusoma kulikuwa karibu sawa na kuunda. Niliikunja barua ile nikaiweka ndani ya sanduku la kijani, juu ya maboksi yangu. Nilisikitika kwa ajili yake, wala sikujifikiria mimi mwenyewe.

Desemba iliyopita mwanangu alikuja kutoka Mbeya na mkewe na watoto. Tulikuwa tukitoa magunia stoo, sanduku likaonekana. Akalifungua, akainua boksi la garimoshi, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. "Shikamoo garimoshi," akasema kwa utani. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hili nililitaka sana nilipokuwa na miaka 9." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea. Nikamwambia, "Basi tuliunde sasa." Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akatazama vipande, akacheka. "Sasa hata sivioni vizuri, Baba."

Gundi ilikuwa imekauka ndani ya mrija wake na kuwa kama jiwe. Karatasi ya nembo na namba za kubandika ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na tulipoitia majini ilikatika vipande. Plastiki yenyewe ilikuwa nzima, kama siku ilipotoka kwenye kalibu. Siku ile niliona kwamba kile nilichokilinda miaka yote hakikuhitaji ulinzi wangu, na kile kilichohitaji kutunzwa, yaani utoto wa mwanangu, nilikiacha kipite nikiwa nasahihisha mitihani. Wahenga walikuwa na methali nyingine ambayo ningeisikiliza mapema zaidi: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Tulinunua gundi mjini. Garimoshi lile tuliliunda watu watatu: mwanangu, binti yake wa miaka 11, na mimi niliyesoma maelekezo. Ilituchukua siku nne. Halina nembo, na gurudumu moja limekaa upande. Lipo juu ya kabati la vyombo sebuleni, na wageni huuliza kama ni la TAZARA.

Maboksi mengine 23 tuliyapeleka Makambako, kwenye shule mbili za msingi, kwa walimu wa masomo ya stadi. Sikuweka sharti lolote ila moja, kwamba yafunguliwe muhula huohuo. Nilihudhuria siku ya kwanza. Ndani ya nusu saa mvulana mmoja alivunja bawa la ndege ambayo nilikuwa nimeilinda tangu mwaka 1981. Nilisikia uchungu, sitaficha, nikanyanyuka kitini. Yeye hata hakunitazama. Aliokota bawa, akakata kipande cha waya, akaliunga kwa chini, akaendelea.

Nimejibakizia maboksi matatu. Moja kwa mwaka si mwendo mkubwa, na Mungu akipenda nitayamaliza nikiwa na miaka 79. Kuhusu matofali ya Makambako, mwezi uliopita nilimwita fundi akayakague. Amesema mazima yanatosha vyumba viwili na ukumbi mdogo. Binti yangu mkubwa atajenga humo. Msingi umeshachimbwa.