Ufunguo uko kwa nani? Historia fupi ya kuunganisha hazina ya Git na seva

Nimekuwa kimya majuma mawili hivi, kazi zilinibana. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta amri za kunakili na kubandika, lakini leo naomba mnivumilie tupige historia kidogo. Historia hii nilijifunza kwa aibu, ndiyo maana sijaisahau.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa mfumo wa karo wa shule moja ya bweni. Mzazi analipa kwa simu, mfumo unaandika. Kukawa na kasoro: mzazi mwenye watoto wawili akilipa, pesa zote zinaandikwa kwa mtoto mmoja. Nikaitafuta, nikaipata, nikarekebisha, nikasukuma msimbo kwenye hazina yetu ya mtandaoni jioni ya Alhamisi. Zana ya kupandisha, yaani ile inayochukua msimbo kutoka hazina na kuuweka kwenye seva, ilikuwa inaonyesha alama ya kijani. Nikaenda nyumbani nimefurahi.

Ijumaa asubuhi mhasibu akachapisha orodha ya wenye madeni, na watoto wakatumwa nyumbani kuleta karo ambayo wazazi wao walikuwa wameshalipa. Msichana mmoja wa kidato cha nne alikosa mtihani wa majaribio. Rekebisho langu halikuwa limefika kwenye seva hata kidogo.

Sababu niliiona saa tatu usiku. Aliyeunganisha hazina na zana ile alikuwa mwenzetu mmoja, na aliiunganisha kwa akaunti yake binafsi. Alipoacha kazi, akaunti yake ikaondolewa, na zana ikapoteza ruhusa ya kusoma msimbo. Ile alama ya kijani ilikuwa ya upandishaji wa mwisho uliofaulu, wa majuma matatu nyuma. Tangu siku hiyo nikianza kazi mpya swali langu la kwanza ni moja tu: ufunguo uko kwa nani?

Basi tuanze zamani. FTP ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1971, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kuweka tovuti hewani. Unafungua programu, unaandika neno siri, unapakia faili moja baada ya nyingine. Kaka zetu waliotutangulia katika fani hii Nairobi waliifanya kwa intaneti ya setilaiti, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijaanza kazi mwaka 2009, na wanakumbuka vizuri uchungu wa faili kukatikia katikati. Ufunguo hapo ulikuwa neno siri, nalo lilisafiri wazi mtandaoni, bila kufichwa. Kwa hiyo kila aliyekuwa njiani aliweza kulisoma.

Aprili 2005 mambo yakabadilika. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper kutunza msimbo wao, na kibali cha kuitumia bure kikaondolewa baada ya ugomvi. Linus Torvalds akaketi akaandika Git, na katika muda wa siku chache tu ikawa inajitunza yenyewe. Julai mwaka huo huo akaikabidhi kwa Junio Hamano, ambaye ameisimamia tangu hapo.

Git ilikuja na kitu kidogo chenye manufaa makubwa: skripti zinazojiendesha jambo fulani likitokea. Mojawapo huitwa post-receive. Ukiweka hazina kwenye seva yako mwenyewe, msimbo ukifika, skripti ile inaamka na kuutandaza mahali pake. Hakuna zana nyingine inayohitajika. Ufunguo hapa ni wa SSH, nao uko kwenye laptopu yako. Laptopu ikiibwa kwenye matatu, wajua ni ufunguo upi wa kubadilisha.

Kisha mwaka 2008 GitHub ikafungua milango kwa umma, na hazina zikahamia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Nyumba si yako, kwa hiyo huwezi kuweka skripti yako ndani yake. Msimbo uko huku, seva iko kule, nani atamwambia mwenzake kwamba kuna jipya?

Jibu la kwanza lilikuwa kuuliza kila mara. Zana kama Hudson, aliyoiandika Kohsuke Kawaguchi akiwa Sun, ingeweza kupangwa iulize hazina kila baada ya dakika chache: kuna mabadiliko? Hakuna. Kuna mabadiliko? Hakuna. Mwaka 2011, baada ya mvutano na Oracle iliyokuwa imeinunua Sun, Kawaguchi na wenzake wakaendelea nayo kwa jina la Jenkins, na wengi wetu tumekutana nayo kwa jina hilo.

Jibu la pili ni webuhuku, jina lililoenezwa na Jeff Lindsay kuanzia mwaka 2007. Hapa hazina yenyewe ndiyo inayobisha hodi. Ukisukuma msimbo, GitHub inatuma ujumbe wa HTTP kwenye anwani uliyoitaja: tawi fulani limebadilika, aliyebadilisha ni fulani. Ni jambo jepesi, lakini tazama vizuri, kuna mambo mawili ndani yake ambayo wanafunzi wengi huyachanganya.

La kwanza, anayebisha hodi anaweza kuwa mwongo. Mtu yeyote anayeijua anwani anaweza kutuma ujumbe unaofanana. Ndiyo maana pande zote mbili hushiriki neno la siri, na ujumbe hutiwa sahihi ya HMAC kwa neno hilo. Usipoikagua sahihi, umefungua mlango kwa kusikia sauti tu.

La pili, hodi haileti msimbo. Zana ikishaisikia, inapaswa kwenda yenyewe hazinani kuuchukua, na ikiwa hazina ni ya faragha lazima iwe na ufunguo wake. Hapa zikatumika funguo za SSH za hazina moja tu, ambazo GitHub huziwekea uwezo wa kusoma pekee usipoomba zaidi. Zinachosha kuziweka moja moja, lakini ukipoteza mmoja umepoteza hazina moja.

Sasa sisi binadamu hatupendi kuchoka. Heroku, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na Salesforce mwaka 2010, ilitufundisha kwamba kupandisha kunaweza kuwa amri moja: git push heroku master. Zana zilizofuata, kama Travis CI ya mwaka 2011, zikarahisisha zaidi. Hakuna ufunguo wa kunakili, bonyeza kitufe tu, ukubali, umeunganishwa. Nyuma ya kitufe kile kuna OAuth: GitHub inaipa zana tokeni ya kutenda kwa niaba yako.

Kwa niaba yako, narudia. Ruhusa iliyozoeleka iliitwa repo, nayo ilifungua kusoma na kuandika kwenye kila hazina ya faragha ambayo mtu huyo anaifikia. Ulitaka kuunganisha hazina moja, ukaikabidhi zana shada zima la funguo. Na shada hilo lilikuwa la mtu, si la kazi. Mtu akiondoka, linaondoka naye, kama nilivyoona Ijumaa ile.

Deni likaja kulipwa. Tarehe 15 Aprili 2022 GitHub ilitangaza kwamba mshambulizi alitumia tokeni za OAuth zilizoibwa, zile zilizotolewa kwa Heroku na Travis CI, akapakua data kutoka mashirika kadhaa, npm ikiwa mojawapo. Tarehe 4 Januari 2023 CircleCI iliwaomba wateja wake wote wabadilishe siri zote walizohifadhi humo. Laptopu ya mhandisi wao mmoja ilikuwa imeingiwa na programu hasidi iliyoiba kipindi chake cha kuingia, hata uthibitisho wa hatua mbili haukufaa kitu. Machi 2025 ikafuata tj-actions/changed-files, kipande kilichotumiwa na hazina zaidi ya 23,000 ndani ya GitHub Actions. Kilichezewa ili kimwage siri kwenye kumbukumbu za kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Je, kuna maendeleo? Yapo. GitHub Apps, tangu mwaka 2017, husakinishwa kwenye shirika badala ya kutegemea akaunti ya mtu, unachagua hazina zipi, na tokeni yake hufa baada ya saa moja. Tangu mwaka 2021 GitHub Actions inaweza pia kujitambulisha kwa watoa huduma za wingu kwa OIDC, ikapewa ruhusa ya muda mfupi, bila ufunguo wa kudumu kuhifadhiwa popote. Ni kama mlinzi anayekufungulia lango baada ya kukutambua, halafu anabaki na funguo zake.

Mimi nami nilibadilisha mawili. Muunganisho wetu sasa ni wa shirika, si wa mtu. Na kila seva ninayoitunza ina ukurasa mdogo unaotaja namba ya badiliko la Git linaloendeshwa hapo, ili nisiiamini tena alama ya kijani. Nikisukuma msimbo, nafungua ukurasa ule kwanza ndipo nafunga laptopu.

Shule ilimruhusu yule msichana kuufanya mtihani wake juma lililofuata. Mimi nilimpigia mama yake simu kuomba radhi. Aliniuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu vizuri: kama mlikuwa mmeshairekebisha, mbona haikurekebika?

Haya, kabla hujalala leo, fungua mipangilio ya hazina yako uone ni nani ameunganishwa, na kwa jina la nani. Tuonane juma lijalo.