Darubini Isiyokwenda Mbio: Historia ya Istilahi Moja ya Elimu ya Nyota

Miongoni mwa maneno yanayowatega wafasiri wa vitabu vya sayansi limo neno moja ambalo Waingereza hulitumia kuisifu darubini ya kupigia picha za nyota. Husema kwamba darubini hiyo ni ya kasi. Mfasiri akilichukua neno hilo kama lilivyo na kuandika "darubini ya kasi", msomaji atadhani kwamba ni chombo kinachozunguka upesi, au kinachoikimbilia nyota. Mwalimu atafundisha dhana potofu, na karani anayeandika zabuni ya vifaa vya shule ataagiza kitu asichokijua. Kwa hiyo yafaa tuitazame historia ya jambo lenyewe kabla hatujalipa jina.

Asili ya sifa hii haiko angani. Imo katika chumba cha mpiga picha. Upigaji picha ulipotangazwa kwa watu wote mwaka 1839, ilibidi mtu akae kimya kwa dakika kadhaa mbele ya kamera, kwa kuwa lenzi za wakati huo zilipitisha nuru kidogo. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alibuni lenzi yenye mdomo mpana kwa kulinganisha na urefu wake wa fokasi, na muda wa kukaa ukapungua sana. Kasi iliyosifiwa hapo ilikuwa ni kasi ya kumaliza kazi. Ndipo neno likahama kutoka kwenye tendo, likakaa kwenye chombo.

Kipimo cha sifa hii tunakiita uwiano wa fokasi, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha mdomo. Darubini yenye kipenyo cha milimita 200 na fokasi ya milimita 400 ina uwiano wa 2, nao huandikwa f/2. Walimu hawana budi kuangalia hapa: namba ikipungua, taswira huzidi kung'aa. Tena haizidi kwa kadiri ileile, bali kwa kipeo cha pili. Wingu la gesi linalohitaji dakika 100 katika darubini ya f/10 huhitaji, kwa hesabu tupu, dakika 4 tu katika ile ya f/2, kwa sababu 5 mara 5 ni 25. Kanuni hii yahusu vitu vilivyotanda, kama vile mawingu ya gesi na galaksi. Kwa nyota moja moja, ambazo ni nukta tu, linalotawala zaidi ni kipenyo cha mdomo.

Ugumu ulikuwa katika kioo. Kioo chenye mdomo mpana na fokasi fupi hutoa taswira safi katikati tu; pembeni nyota huota mikia. Aliyelifungua fundo hilo ni Bernhard Schmidt, aliyezaliwa mwaka 1879 katika kisiwa cha Naissaar, nchini Estonia, na ambaye ujanani alipoteza mkono wake wa kulia akichezea baruti. Akifanya kazi katika kituo cha kuangalizia nyota cha Bergedorf, karibu na Hamburg, alitumia kioo cha umbo la tufe, na mbele yake akaweka bamba jembamba la kioo lililosuguliwa kwa umbo maalumu ili kuisahihisha nuru kabla haijafika kiooni. Kamera yake ya kwanza, ya mwaka 1930, ilikuwa na mdomo wa sentimita 36 na uwiano wa f/1.75. Schmidt alifariki mwaka 1935. Mwaka uliofuata kamera ya namna yake ilianza kazi katika mlima Palomar, Marekani, na mwaka 1948 ikafuata kubwa yenye bamba la sentimita 122, iliyotumika kupiga picha za anga katika ukaguzi mkubwa ulioanza mwaka 1949.

Hata hivyo kamera ya Schmidt ilikuwa na mambo mawili ya kutaabisha. Bomba lake lilikuwa na urefu wa karibu mara mbili ya fokasi, na taswira yake iliangukia juu ya uso uliopinda, hata filamu ikabidi ipindwe vivyo hivyo. Vipokea nuru vya elektroniki havipindiki. Mwaka 2014 kampuni ya Celestron ya Marekani ilitoa darubini iliyopewa majina ya Rowe, Ackermann na Schmidt, ambayo huongeza lenzi chache karibu na fokasi ili kuinyoosha taswira. Ile ya kwanza ilikuwa na mdomo wa milimita 279 na uwiano wa f/2.2, baadaye ikafuata ndogo ya milimita 203 na f/2, yenye uzito wa karibu kilo 8. Mtu mmoja aweza kuibeba hadi penye giza, mbali na taa za mji.

Sasa turudi kwenye jina. Wajerumani huisifu lenzi ya namna hii kuwa ina nguvu ya nuru, na Wafaransa husema kwamba ina mwangaza. Waingereza walilitaja tokeo. Wenzao wakataja sababu. Sisi twaona kuwa sababu ndiyo inayofundisha. Wako watakaopendekeza "darubini nyepesi", kwa kuwa wepesi kwetu ni pia uharaka. Lakini katika chombo cha kubeba neno hilo litadhaniwa kuwa ni la uzito, na mkanganyiko utazidi.

Pendekezo letu ni "darubini ya taswira angavu", na baada ya kutajwa mara ya kwanza, "darubini angavu". Sifa yenyewe iitwe "uangavu wa taswira". Ufupi wa bomba na urahisi wa kubebeka ni sifa nyingine mbili, na kila moja itajwe kwa jina lake: "bomba fupi" na "ya kubebeka". Kamera ya Schmidt yatuonyesha kwamba chombo chaweza kuwa na taswira angavu bila ya kuwa kifupi. Basi haifai neno moja libebeshwe maana zote tatu.