Vumbi la Karagwe na uchaguzi wa kiingiza hewa cha gari

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

WAMILIKI wa magari yenye kasi, kama vile Subaru Impreza na Toyota Altezza, wamekuwa wakivutiwa na mfumo wa kuingiza hewa baridi kwenye injini unaouzwa katika maduka ya spea za mapambo na kasi. Kwa wakazi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, hata hivyo, swali la kwanza si nguvu zitakazoongezeka bali ni vumbi litakaloingia.

Mantiki ya kifaa hiki ni ya kweli. Injini ya petroli huchoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, na hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Hewa ya nyuzi joto 25 huwa nzito kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ya nyuzi 60 inayozunguka injini chini ya boneti.

Kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya Karagwe ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 14. Gari lisilo na turbo lililotoka kiwandani na nguvu farasi 150 hupoteza hapa zipatazo 20. Hakuna bomba wala kichujio kinachoweza kuzirejesha zote.

Aidha, nje ya lami ya Kyaka hadi Bugene, njia nyingi za kuelekea vijijini ni za udongo. Wakati wa kiangazi, anayefuata lori la kahawa hupita ndani ya wingu la vumbi. Punje zake ni ngumu. Zikipita kichujio husaga silinda na ringi za pistoni. Injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na hatimaye hunoki.

Katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, yaliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, vumbi laini la Naivasha lilizisumbua timu kubwa. Katika miaka iliyofuata, magari yao yalionekana yakiwa na bomba la kuvuta hewa kutoka juu.

Mnunuzi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Mosi, kichujio kiwe ndani ya boksi lililofungwa, lenye bomba linalovuta hewa ya nje. Kichujio kilicho wazi chini ya boneti hutoa mlio mzuri, lakini huvuta joto la injini.

Pili, mdomo wa bomba usiwekwe chini ndani ya bampa. Msimu wa mvua, gari likiingia kwenye dimbwi huweza kufyonza maji, na maji ndani ya silinda hupinda koneksheni rodi.

Tatu, muulize muuzaji matokeo ya kipimo cha ISO 5011, kinachoonyesha kiasi cha vumbi linalozuiwa. Karatasi huchuja vizuri na haihitaji oili. Pamba hufuliwa na kupakwa oili, lakini ikizidi huchafua sensa ya hewa.

Nne, kipenyo cha bomba mahali pa sensa kisitofautiane na cha awali, la sivyo kompyuta ya gari itapima hewa kimakosa.

Baada ya kufunga, tembelea barabara ya vumbi kwa siku chache, kisha fungua bomba lililo baada ya kichujio na upitishe kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi, kifaa hicho hakifai au hakikufungwa sawasawa.

Kwa gari linalotumika kila siku kati ya Kayanga na vijiji vya Kyerwa, boksi la kiwandani lisilo na ufa, lenye ea klina halisi inayobadilishwa mapema, mara nyingi ndilo chaguo bora. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufungua injini.