HESABU ILIYOBADILI DAWA ZA VVU (Sehemu ya 3)

Wengi mnaniuliza inbox: "Nesi, mbona zamani mtu aliambiwa asubiri CD4 zishuke chini ya 200 ndipo aanze dawa, na siku hizi anaanzishwa mara tu akipimwa?" Jibu lake limo kwenye historia, na historia yenyewe inapitia kwenye hesabu.

Hebu tuhesabu. Mwenye VVU mmoja akiambukiza wawili, wawili wanazaa wanne, wanne wanane. Lakini kwa wastani kila mmoja akiambukiza chini ya mtu mmoja, ugonjwa unapungua wenyewe mwaka hadi mwaka. Sasa, ARV haimalizi virusi mwilini, ila inavifubaza hadi anayetumia vizuri haambukizi mwenzi wake. Kwa hiyo dawa inamtibu mmoja na kumkinga mwingine.

Mwaka 2009 Reuben Granich na wenzake wa WHO waliingiza jambo hilo kwenye hesabu, wakitumia takwimu za Afrika Kusini. Walijiuliza: itakuwaje kila mtu wa miaka 15 na zaidi akipimwa kila mwaka, na anayekutwa na VVU aanze dawa palepale? Jibu: ndani ya miaka 10, maambukizi mapya yangeshuka chini ya mtu 1 kwa kila 1,000 kwa mwaka.

Hiyo ilikuwa karatasi tu. Ushahidi ukaja 2011: utafiti wa wenzi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Mwaka huohuo Malawi ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kusubiri CD4. Tanzania ikafuata 2013. Mwaka 2015 WHO ikasema: kila mwenye VVU aanze.

Je, hesabu ilitimia? Nusunusu. Katika mradi mkubwa wa vijiji vya Kenya na Uganda, matokeo ya 2019 yalionyesha maambukizi mapya yameshuka kwa asilimia 32 ndani ya miaka mitatu. Ni hatua nzuri, lakini hayakuisha. Karatasi ilidhani kila mtu atapimwa kila mwaka. Mtaani, baba yuko kazini, kijana anahama mji, mwingine anajisikia mzima anaacha dawa.

Hapo ndipo unapoingia wewe, mama. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri wakati wa ujauzito na kunyonyesha, ni chini ya 5. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Na baba naye aje kupima, tafadhali.

Sehemu ya 4: kipimo cha wingi wa virusi. Maswali yaacheni hapa chini.